Kwa nini mtoto mpendwa aliitwa Aliyetupwa?

ALIBISHA hodi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne, nikamwitikia, akaingia na kusimama karibu na mlango kana kwamba bado hajaamua kama amekuja au anaondoka. Mkononi alishika bahasha ya khaki. Nilimwonyesha kiti.

"Profesa, nina shida ndogo tu," alisema. "Nahitaji barua yako. Nataka kubadilisha jina."

Kubadilisha jina nchini Kenya si jambo la ajabu. Unatafuta wakili, unaandikiwa hati ya kukana jina la zamani na kutwaa jipya, hati inasajiliwa, kisha tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wapo wanaobadilisha kwa sababu ya ndoa, na wapo wanaofanya hivyo kwa kuwa karani fulani alisinzia akaruka herufi. Nilipomwuliza ni jina gani lililomchosha, kijana alitazama viatu vyake.

"Owiti," akasema.

Nilidhani ni jina la baba yake. Kumbe la! Ni jina lake mwenyewe, alilopewa alipozaliwa. Alikuwa amekwenda kuhojiwa ili apate nafasi ya mafunzo ya kazini katika ofisi moja jijini. Mmoja wa waliomhoji, mtu anayekijua Kiluo barabara, alilisoma jina lile kwa sauti, akatabasamu, akamwuliza mbele ya wenzake: "Kwa hivyo wewe ulitupwa? Na nani alikuokota?" Wakacheka wote. Hata yeye alicheka, maana mtu akitafuta nafasi hucheka hata visivyochekesha. Ila tangu siku hiyo jina lile lilimkaa shingoni kama mfupa wa samaki.

Mhoji yule, kwa upande wa sarufi, hakukosea. Kitenzi cha Kiluo *wito* ni kutupa. Owiti ni mvulana aliyetupwa, na Awiti ni msichana aliyetupwa. Alichokosea ni historia. Nilimwambia kijana kwamba barua nitamwandikia, lakini kwa sharti moja. Aende nyumbani mwisho wa wiki, aketi na nyanya yake, amwulize alitupwa vipi. Kisha arudi.

Aliondoka akinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kitabu. Huku nikimsubiri, nikaanza kuandika haya.

Msomaji wa ukumbi huu anajua kwamba majina mengi ya bara ni saa na kalenda. Mluo aliyezaliwa alfajiri ni Omondi, asubuhi ni Okinyi, jua likishapanda kidogo ni Onyango, likiwaka ni Ochieng', alasiri kuelekea jioni ni Odhiambo, na usiku ni Otieno. Mvua ikinyesha, Okoth. Mama akishikwa na uchungu njiani, Oyoo. Wa kike hubadilisha O ikawa A, na mambo yanaendelea. Kwetu Bungoma tunatumia Wa na Na: Wafula na Nafula ni wa msimu wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi. Wamalwa ni wa pombe, yaani alizaliwa siku ambayo mtungi ulikuwa umejaa, na hakuna aliyeona haya kumwita hivyo. Mmoja wao alipanda hadi akawa Makamu wa Rais mwaka 2003.

Wakalenjin wana Kip na Chep, na hapo pana jambo tamu la kiisimu ambalo wengi hulipita tu. Kibet ni wa mchana, Kipkoech ni wa alfajiri, Kiprotich ni wa wakati ng'ombe wanaporejea nyumbani, na Kipchoge ni yule aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Mvulana akishatahiriwa, aliitwa kwa jina la babake baada ya neno *arap*, mwana wa. Lakini kile kiambishi cha utoto cha baba kinadondoka. Mwana wa Kibet akawa arap Bett, mwana wa Kiprotich akawa arap Rotich, mwana wa Kipkoech akawa arap Koech. Baba yake Rais wa pili wa Kenya aliitwa Kimoi, na *moi* ni ndama. Mwana akawa arap Moi. Yeye mwenyewe, alipozaliwa mwaka 1924, alipewa jina la Toroitich, maana yake karibisha ng'ombe nyumbani. Kwa hiyo Toroitich arap Moi ni zizi zima lenye ng'ombe na ndama wake, na Mkenya aliyekuwa akiimba sifa zake shuleni hakuwa na habari.

Majina ya namna hii yana tabia moja ambayo huwachanganya wanafunzi wangu. Siku ya kwanza jina ni taarifa, baadaye linakuwa urithi. Chukua la kwangu. Mimi ni Wanjala, wa njaa. Ukinisikia ukatazama tumbo langu la sasa utadhani ni kejeli. Nilizaliwa wakati wa mavuno, mahindi yakiwa yamejaa uani, na kwa haki ningekuwa Wekesa. Lakini babu yangu alizaliwa wakati wa njaa, akaitwa hivyo, akafa, na mimi nikapewa jina lake ili asipotee. Basi njaa yake ndiyo iliyoniandikisha shule, ndiyo iliyopanda ndege kwenda masomoni, na sasa iko mlangoni mwa ofisi yangu ikitanguliwa na neno Profesa. Binti zangu nao, kwa kuwa serikali inataka jina la ukoo, wanaitwa Wanjala badala ya Nanjala. Kisarufi wamefanywa wanaume, na hakuna aliyewauliza.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili uko ng'ambo ya mpaka. Katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria, alizaliwa mtoto wakati viwavi walipovamia mimea. Kwa Kizanaki viwavi hao huitwa *nyerere*. Mtoto akaitwa Nyerere, akakua, akawa chifu, akajulikana kama Nyerere Burito. Mwaka 1922, mwezi wa Aprili, akazaliwa mwanawe huko Butiama. Mtoto huyo kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi, msafiri. Jina hilo halikudumu. Mganga aliyeshauriwa alisema mtoto aitwe Kambarage, jina la pepo wa mvua. Mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 21, alibatizwa akaongezewa Julius.

Hebu yapange majina hayo matatu uone. Julius ni la Kirumi, limepita kanisani. Kambarage ni mvua. Nyerere ni wadudu wanaokula kile ambacho mvua imeotesha. Mtu akitaka kuandika historia ya Afrika Mashariki kwa maneno matatu, sijui angepata wapi mengine bora. Na leo uwanja mkuu wa ndege wa Dar es Salaam una jina la viwavi, na wasafiri wanateremka bila wasiwasi wowote.

Wadudu wamewapa watoto wengi majina. Wasike na Nasike wa kwetu ni wa nzige, kama alivyo Obonyo kwa Waluo. Makundi ya nzige yalipoingia Kenya kuanzia Desemba 2019, uvamizi ambao ulitajwa kuwa mbaya zaidi kwa miaka 70, nilingoja nisikie kama kuna mtoto aliyeitwa Wasike kwa sababu hiyo hasa, wala si kwa sababu babu yake alikuwa Wasike. Sikusikia. Waliozaliwa wakati huo waliitwa kwa majina ya wacheza filamu. Siwalaumu wazazi wao; nasema tu kwamba miaka 70 kabla yake nzige wasingepita bila kuacha jina wodini.

Wageni nao waliacha alama. Kwa Wakalenjin, Kipchumba linatokana na neno la Wazungu. Huko pwani, Wamijikenda wana Kazungu na Kahindi, na yeyote ajuaye Kiswahili anaweza kukisia ni nani waliokuwa wakipita kijijini. Wana Charo pia, ambaye ni safari.

Waswahili wenyewe, ambao ndio wenye lugha ya ukumbi huu, wana siku na miezi: Juma, Khamisi, Mwanajuma, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Idi, Mwanaidi. Wana Chausiku aliyezaliwa usiku, na Mwaka aliyezaliwa wakati wa mwaka mpya wa Kiswahili. Wana Mosi, Pili na Tatu. Haya hayana mzozo. Yanayonivutia mimi ni yale yasiyo ya kalenda: Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Maneno. Ukikutana na mtu mzima anayeitwa Maneno, jua kwamba mwaka aliozaliwa kulikuwa na maneno. Ya nani na nani, hilo labda lilizikwa na wahusika. Jirani aliyekuwa akisengenya alilazimika kuita jina lile kila alipotaka kumtuma mtoto dukani, na kila alipoliita alijitaja mwenyewe. Ni njia ya kugombana bila kugombana.

Kisha kuna majina ambayo ni sentensi nzima. Sikudhani. Sikujua. Hebu tuyachambue kama tunavyofanya darasani. Sikudhani ina nafsi ya kwanza umoja, ina ukanushi, ina wakati uliopita. Ni "mimi" sikudhani. Lakini huyo "mimi" ni nani? Si mtoto, maana mtoto hajadhani chochote bado. Ni mama, au baba, aliyesema neno moja la mshangao au la uchungu, kisha akalivika mtoto. Mtoto anakua akilibeba neno la mtu mwingine katika nafsi ya kwanza. Anajitambulisha kwa watu, "Mimi ni Sikudhani," na kwa hakika anayezungumza ni mama yake siku ile.

Hapo ndipo ninapotaka tumrejelee Owiti, kwa kuwa naye ni sentensi, ila imefichwa ndani ya kitenzi. Ametupwa. Na nani? Haisemwi. Kwa nini? Haisemwi pia.

Kwa wazee wetu, kifo hakikuwa takwimu. Kilikuwa kama mwizi anayeijua nyumba. Mama anazaa, mtoto anafikisha miezi sita, anashikwa na homa, anakufa. Anazaa wa pili, anakufa. Akipata wa tatu, nyumba nzima inashikwa na hofu, maana mwizi anajua njia. Utafanya nini? Hospitali iko mbali au haipo. Ulichobaki nacho ni ulimi. Basi unamdanganya. Unamwambia mwizi kwamba ndani hamna kitu cha maana, kilichomo ni takataka, ni kitu tulichookota, hatukitaki. Mtoto anapelekwa njiani au jaani, anaachwa hapo kwa muda mfupi, mwanamke mwingine ambaye ameshapangwa anapita na kumwokota. Anamleta nyumbani kama wake. Mama anamchukua kama mtoto wa mtu. Na ili uongo usije ukasahaulika, anapewa jina linaloukumbusha kila siku: Owiti, aliyetupwa. Au Ojwang', aliyeachwa.

Hila hii haikuwa ya Waluo peke yao. Ukambani, fisi ni *mbiti*. Mwanatheolojia mashuhuri John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alipata jina hilo la fisi kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamepoteza watoto kabla yake. Ni nani atakayemwibia mtu fisi? Mtoto huyo akaishi, akasoma, akaandika kitabu cha *African Religions and Philosophy* kilichotoka mwaka 1969, ambamo kati ya mengine anaeleza uzito wa majina katika jamii za Kiafrika. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 87. Fisi alifanya kazi yake.

Wagikuyu walipita njia nyingine. Kwao majina ya watoto hufuata mpango maalumu: mvulana wa kwanza kwa babake baba, wa pili kwa babake mama, wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Mpango huo hauachi nafasi kubwa ya visa. Hata hivyo kifo kilipoingilia kati, lugha ilipata upenyo. Kariuki ni aliyefufuka. Njoki ni aliyerudi. Hawamdanganyi mwizi, wanamwambia kwamba alichoiba kimesharudi nyumbani.

Naomba msomaji azingatie jambo hili. Majina tunayoyaona mabaya, yale yanayomfanya kijana wa chuo kikuu aone haya mbele ya wahoji, ndiyo waliyopewa watoto walioogopewa zaidi, walioombewa zaidi. Mtoto ambaye hakuna aliyemhofia aliitwa Otieno tu, kwa kuwa alizaliwa usiku. Ilihitaji mapenzi ya kutisha ndipo mtoto aitwe Aliyetupwa. Katika fasihi tunaita hiyo kinaya, na tunawafundisha wanafunzi kuitafuta katika tamthilia, ilhali mama asiyejua kusoma aliitunga, akaiishi, na kuipeleka kwa chifu iandikwe.

Kulikuwa na njia nyingine pia za kupata jina, ambazo mtoto mwenyewe ndiye aliyeamua. Kwa Waluo, mtoto akilia bila kunyamaza, wazee walitaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Likitajwa jina mtoto akanyamaza, basi huyo ndiye aliyekuja. Kwa Wanandi na ndugu zao, majina ya wahenga yalitajwa hadi mtoto apige chafya, na wakati mwingine ugoro kidogo ulisaidia chafya ije haraka. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi jambo hili, mmoja akauliza: "Prof, kwa hivyo mtu mwenye mafua angekuwa na majina mangapi?" Darasa likaangua kicheko. Nilikubali kwamba ni swali zuri la utafiti.

Kisha likaja kanisa, likaja na kipande. Navitaja pamoja kwa sababu kazi yao kwa majina ilifanana. Misheni ilidai kwamba mtoto hawezi kuingia mbinguni akiwa Okoth, sharti awe Yohana au Obadia. Kipande, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilidai kwamba mwanamume Mwafrika awe na jina moja lisilobadilika, liandikwe pamoja na alama za vidole vyake, alibebe katika kikopo cha chuma shingoni. Jina lililokuwa likienda na mtu, likibadilika akitahiriwa, akioa, akizeeka, likagandishwa wino. Lile la msimu likawa la ukoo.

Waliokataa walikuwepo. Ajuma Oginga Odinga alibatizwa Obadiah Adonijah, akaja kuyaacha majina yote mawili. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake *Not Yet Uhuru*, cha mwaka 1967, jinsi alivyotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika na jinsi jambo hilo lilivyozua mvutano na watu wa kanisa. Wakati huo hakuwa Makamu wa Rais wala Jaramogi wa kuogopwa. Alikuwa mwalimu tu, na mwalimu wa shule za misheni aliyegombana na misheni alikuwa akihatarisha unga wake. Hakuteteleka. Wanawe walijulikana kama Oburu na Raila. Ngugi wa Thiong'o, miaka mingi baadaye, alilivua jina la James akiwa mtu mzima ambaye tayari ameandika riwaya tatu. Odinga aliwaokoa wanawe na kazi ya kuvua.

Ila siasa ina vichekesho vyake. Raila, mtoto aliyepiganiwa asipewe jina la kigeni, alipopata mwana wa kwanza wa kiume alimwita Fidel Castro. Binti yake akamwita Winnie, kwa heshima ya Winnie Mandela. Hapa naona zile zile kanuni za Wasike na Nyerere zikiendelea: jambo kubwa linapotokea duniani, mtoto anaandikwa nalo. Ni dunia tu iliyopanuka. Badala ya nzige, mapinduzi ya Cuba. Hali kadhalika Jomo Kenyatta, aliyeachiliwa Agosti 1961 baada ya miaka mingi ya kifungo na kizuizi, alipata mtoto wa kiume Oktoba hiyohiyo akamwita Uhuru. Nchi ilikuwa bado haijapata uhuru wenyewe. Ulikuja Desemba 1963, mtoto akiwa ameshaanza kukimbia uani.

Mwaka huohuo wa 1961, mwezi wa Agosti, huko Honolulu, alizaliwa mtoto mwingine aliyepewa jina la babake: Barack, ambalo ni lile lile *baraka* la Kiarabu tunalolitumia kila siku katika Kiswahili, na Obama la Kiluo. Alipochaguliwa Rais wa Marekani Novemba 2008, Kenya ilitangaza siku ya mapumziko, na wodi za wazazi huko Nyanza zikajaa akina Obama na Michelle. Mwaka 2012, alipokuwa akitetea kiti, mama mmoja wa Siaya alijifungua mapacha akawaita Barack na Mitt. Wengi walicheka. Mimi niliona busara ya kale. Kwa mila, mapacha wa Kiluo ni Opiyo na Odongo, aliyetangulia na aliyebaki nyuma. Katika uchaguzi nako lazima mmoja atangulie, mwingine abaki. Mama yule alitafsiri tu.

Na alipokuja Nairobi mwenyewe, Julai 2015, kuna mtoto aliyeandikishwa Airforceone. Natumai akifika mwaka wa nne hatakutana na mhoji mcheshi.

Watu huniuliza kama majina ya aina ya Owiti yatakwisha. Yanapungua, na sababu mojawapo ni ya kufurahisha. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 41 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Bado ni wengi mno, na kila mmoja wao ana mama. Lakini chanjo, vyandarua na zahanati vimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na jaa na jirani. Mwizi hadanganywi tena kwa maneno; anafungiwa mlango.

Kijana alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii hakusimama mlangoni. Alikuwa ameketi na nyanya yake, ambaye wao humwita *dani*, tangu saa mbili usiku hadi taa ikaisha mafuta. Kabla yake, mama yake alizika watoto wawili, mmoja wa miezi minne, mwingine wa mwaka na nusu. Hakuwahi kuambiwa. Nyumbani walikuwa wamekubaliana wasilitaje jambo hilo, na makaburi yale mawili madogo nyuma ya migomba alidhani ni ya watu wa zamani.

Alipozaliwa yeye, siku ya nne alfajiri, dani alimbeba akamlaza kando ya njia ya kwenda mtoni, juu ya majani makavu, akarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Jirani alikuwa amejificha hatua chache kutoka pale, ili mbwa wasije. Akatokea, akapiga kelele, "Nimeokota mtoto! Ni wa nani huyu?" Akapita naye nyumba hadi nyumba. Kila nyumba ilijibu kwamba hapakosekani mtoto. Alipofika kwa mama mzazi, naye alitakiwa aseme hivyo hivyo: si wangu, mimi sina mtoto. Dani alisema hapo ndipo palikuwa na kazi. Mama alifungua kinywa, maneno hayakutoka. Ikabidi jirani aulize mara tatu. Mara ya tatu mama akasema, huku machozi yakimtiririka na maziwa yakilowesha nguo yake: "Si wangu." Kisha akamnunua kwa shilingi kumi. Siku iliyofuata walimpeleka zahanati akadungwa chanjo, maana dani alisema hakuna haja ya kuchagua moja kama zote mbili zipo.

"Mama yangu hajawahi kuniambia, Prof," alisema kijana. "Nilimpigia simu. Akanyamaza kabisa. Halafu akauliza kama nimekula."

Jirani yule bado yuko hai. Alipopita kumsalimia, yule bibi kizee alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia kwamba kwa umbo alilo nalo sasa, zile shilingi kumi zilikuwa hasara tupu, na anadai nyongeza. Kijana alimnunulia sukari kilo mbili na majani ya chai.

Barua yake nilikuwa nimeshaiandika na kutia sahihi, kwa kuwa ahadi ni deni. Niliitoa kwenye droo nikaiweka mezani mbele yake. Aliisoma yote pole pole, akaikunja, akaitia katika ile bahasha ya khaki. Hakuniambia ataipeleka wapi, nami sikumwuliza. Alipofika mlangoni aligeuka, akakitazama kibao chenye jina langu.

"Samahani Prof. Na Wanjala je, maana yake nini?"

"Njaa," nikamwambia.

Alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa.